Mota yenye breki imefungiwa draivu: breki, kihisi cha joto na umeme wa kuingia viunganishwe vipi?

Swali la msomaji: "Nina mota ya kilowati 7.5 yenye breki. Inavuta mkanda unaopandisha mizigo kwenye mwinuko. Kibati chake kinasema volti 400/690, mizunguko 1450 kwa dakika, na breki imeandikwa 400 AC / 180 DC. Zamani iliwashwa moja kwa moja kwa kontakta (swichi kubwa ya sumaku), haikusumbua. Tumefunga draivu, kifaa cha elektroniki kinachobadilisha mwendo wa mota, ili tupate mwendo wa polepole. Kwenye hezi 50 inakwenda sawa, lakini nikiianzisha kwa hezi 15 inanguruma, breki inalia na kunuka kuungua, na rektifaya ya breki (inayogeuza AC kuwa DC) imeshaungua mara mbili. Ndani ya boksi la mota kuna nyaya mbili nyembamba zisizounganishwa popote, sijui ni za nini. Tena RCD (kikata-umeme cha uvujaji kwenda ethi) ya laini hiyo inatripu mara kwa mara tangu draivu ifungwe, na kuna aliyenishauri ning'oe skrubu ya filta. Nianzie wapi?"

Fundi mwenzangu, anza kwa kusimamisha mkanda huo, na usiuendeshe tena mpaka breki iondolewe ilipounganishwa sasa. Maelezo yako yanaonyesha wazi kwamba rektifaya ya breki bado inakula umeme kutoka terminali za mota, palepale ilipokuwa wakati wa kontakta. Kwenye mkanda wa mwinuko hilo si suala la kuunguza vifaa tu. Breki hiyo ndiyo inayozuia mzigo usirudi chini kwa waliosimama nyuma yake, na sasa hivi unaisaga.

Breki ya namna hii hukamata kwa springi na huachia kwa umeme. Umeme usipokuwepo, springi hulibana bamba kwenye diski na shafti inashikwa. Umeme ukifika kwenye koili, sumaku hulivuta bamba na diski inakuwa huru. Koili inataka DC, ndiyo maana kuna rektifaya ndogo ndani ya boksi. Yako ni ya nusu wimbi, ambayo hutoa takriban asilimia 45 ya volti za AC inazopewa: ukiipa 400 inatoa 180. Namba hizo mbili ndizo zilizoandikwa kwenye kibati chako, kwa hiyo aina ya rektifaya haina shaka. Ingekuwa ya wimbi zima ingetoa asilimia 90, na koili ya volti 180 ingeungua.

Wakati wa kontakta, mota ilipata ama volti 400 kamili ama haikupata kitu. Kuchukua umeme wa breki kwenye terminali mbili za mota kulikuwa sahihi kabisa, kwa sababu mota ikipata umeme breki inaachia, mota ikikatwa breki inakamata, bila waya wa ziada. Draivu imevunja mpango huo. Inapopunguza mwendo inashusha masafa, na pamoja nayo inashusha volti kwa uwiano uleule, ili chuma cha mota kisijae sumaku kupita kiasi. Kwenye hezi 50 terminali zina volti 400. Kwenye hezi 15 zina kama volti 120. Pitisha hizo 120 kwenye rektifaya ya nusu wimbi, koili inapata volti 54 badala ya 180. Haina nguvu ya kulivuta bamba. Mota inalazimishwa kuzunguka huku imeshikwa, draivu inaongeza mkondo, diski inasuguana na bamba, na hapo ndipo unaposikia mlio na harufu.

Huenda pia umeona jambo linalowapoteza mafundi wengi: ukianza kwa hezi 50 kisha ukashuka hadi 25, breki haikamati, mkanda unaendelea vizuri. Hilo linatokea kwa sababu bamba likishagusa sumaku, ile nafasi ya hewa imekwisha, na volti za kulishikilia ni ndogo kuliko za kulivuta. Anayejaribu hivyo huhitimisha kwamba breki ni nzima na draivu ndiyo yenye kasoro. Zote mbili ni nzima. Ni waya tu zimekwenda pasipo pake.

Kuungua kwa rektifaya kuna sababu yake tofauti. Kinachotoka kwenye U, V na W, yaani terminali za draivu zinazokwenda kwenye mota, si wimbi laini. Ni mapigo ya mraba yanayowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, kila pigo likiwa na kimo cha DC ya ndani ya draivu, ambayo kwa laini ya volti 400 ni karibu volti 540. Kebo ikiwa ndefu, pigo hugonga mwisho wa kebo na kurudi, na kwenye terminali za mota kilele kinaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Dayodi za rektifaya ya breki zilitengenezwa kwa hezi 50. Zikilazimishwa kuacha kupitisha mkondo kwa kasi hiyo hupata joto, na varista inayozilinda humeza kila kilele mpaka inapasuka. Ukifunga ya tatu bila kubadilisha waya, itakwenda njia ileile.

Kwa hiyo shika hili, na mengine yote yatapangika: draivu ina haki ya waya tatu tu ndani ya boksi la mota, U, V na W, pamoja na ethi yake. Breki ina njia yake, kihisi kina njia yake, hata kama vyote vimekaa chini ya mfuniko mmoja.

Fungua boksi na uondoe kabisa viungo vinavyotoka U na V kwenda kwenye rektifaya. Usiviache vikining'inia. Kisha vuta kebo ya breki kutoka kwenye paneli. Umeme wake uchukue kutoka fezi mbili za laini, baada ya swichi kuu lakini kabla ya draivu, ili swichi kuu ikizimwa vyote vife pamoja. Upitie kwenye kikata-umeme chake cha poli mbili, halafu kwenye kontakta ya breki, ndipo uende kwenye rektifaya. Kwa kuwa breki yako ni ya 400, fezi kwa fezi ndiyo sawa. Breki yenye koili ya volti 103 au 104 DC huwa imekusudiwa 230, yaani fezi na nyutro. Hapo ndipo mtu akikosea huunguza koili siku ya kwanza, kwa hiyo soma namba ya breki yenyewe, usisome ya mota.

Kontakta hiyo iamrishwe na relei ya draivu. Usijaribu kupitisha koili ya breki moja kwa moja kwenye relei ya ndani ya draivu: viguso vyake ni vidogo, koili ni mzigo wenye teke kubwa wakati wa kukatwa, na vikigandana breki itabaki imeachia bila wewe kujua. Relei iamrishe koili ya kontakta, na juu ya koili ya kontakta weka kizima-cheche chake, dayodi kama ni ya DC, resista na kapasita kama ni ya AC.

Sasa kuna uamuzi mmoja ambao kwenye mwinuko siukubali ufanywe kwa mazoea: kukata upande wa AC au upande wa DC. Ukikata upande wa AC peke yake, koili inabaki imeungana na dayodi za rektifaya, na mkondo wake unaendelea kuzunguka humo mpaka uishe taratibu. Breki inakamata, lakini kwa kuchelewa. Kwa feni au mkanda wa tambarare hilo halina ubaya, na lina utulivu wake. Kwa mzigo unaotaka kurudi chini, kuchelewa huko ndiko kunakoupa mzigo nafasi ya kuanza kuteremka kabla haujashikwa. Ukikata upande wa DC, mkondo wa koili hauna pa kuzungukia, unakufa haraka, na muda wa kukamata unapungua mara kadhaa. Kwa kazi yako kata pande zote mbili kwa kontakta moja. Rektifaya nyingi zina kiungo kidogo kati ya terminali mbili kwa ajili hiyo. Kinatolewa, na mahali pake panapitishwa kiguso cha kontakta. Mchoro uliobandikwa ndani ya mfuniko utakuonyesha ni zipi. Hakikisha kiguso kimepimwa kwa DC yenye koili kwenye volti hizo, kwa kuwa cheche ya DC haina pale pa kupita sifuri inapojizimia kama ya AC. Mara nyingi viguso viwili au vitatu huunganishwa mfululizo ili kuigawa. Na varista ya koili isikosekane.

Baada ya waya, panga mfuatano wa kuachia na kukamata ndani ya draivu. Draivu nyingi za viwandani zina kazi maalumu ya breki. Itumie hiyo, usitumie amri ya kawaida ya "inaendeshwa", kwa sababu amri hiyo huachia breki papo hapo kabla mota haijajenga nguvu, na mkanda unarudi nyuma kidogo kila unapoanza. Mfuatano unaofaa ni huu: draivu inaijaza mota sumaku, inapandisha mkondo mpaka inaona torki (nguvu ya kuzungusha) ipo, inaamuru breki iachie, inasubiri ule muda breki inaohitaji kuachia, ambao ni sehemu ya kumi moja au chache za sekunde na umo kwenye karatasi ya breki, kisha ndipo inaanza kupandisha mwendo.

Masafa ya kuachia usiyabahatishe. Mota yako ni ya poli nne, mwendo wa sumaku ni mizunguko 1500 na kibati kinasema 1450. Tofauti ya 50 ni asilimia 3.3, na asilimia 3.3 ya hezi 50 ni kama hezi 1.7. Katika uendeshaji wa kawaida wa volti kwa masafa, mota iliyosimama inahitaji kama hezi 1.7 ili itoe torki yake kamili. Ukiachia chini ya hapo, mzigo unaishinda. Ukiachia juu sana, kwa mfano hezi 5, mota inakuwa imevuta mkondo mkubwa huku imeshikwa na inachomoka kwa kishindo. Anza na hezi 1.7 hadi 2, pamoja na volti za nyongeza za mwendo mdogo, kisha rekebisha kwa kuangalia mkanda wenye mzigo. Draivu ikiwa ya vekta yenye enkoda (kihisi cha mzunguko wa shafti), unaweza kuachia kwenye sifuri kabisa. Wakati wa kusimama mambo ni kinyume chake: shusha mwendo kwa mteremko wa draivu mpaka kwenye hezi moja au mbili, amuru breki ikamate, subiri ikamate, ndipo draivu iache kushikilia. Usichague kusimama kwa kuachilia mota izunguke yenyewe, maana breki itapokea mzigo ukiwa kwenye mwendo kamili kila siku, na diski haitadumu.

Kwenye dharura kuna mtego. STO ya draivu, yaani kazi yake ya usalama ya kuizima torki, inaondoa torki mara moja, lakini haishiki kitu. Kitufe cha dharura kikiamrisha STO peke yake, mzigo unakuwa huru kwa muda wote ambao relei ya breki haijaarifiwa. Kwa hiyo koili ya kontakta ya breki ipite pia kwenye sakiti ya usalama, mfululizo na relei ya draivu, ili dharura iondoe torki na kukamata breki kwa tendo moja. Relei ya draivu nayo ipangwe ifunguke kwenye hitilafu yoyote.

Diski uliyoichoma iangalie kabla ya kuirudisha kazini. Ikiwa imeng'aa kama kioo au imelika, badilisha. Pima nafasi ya hewa kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) na ulinganishe na kitabu cha breki, kwa kuwa diski ikilika nafasi inapanuka, na nafasi ikipanuka kupita kiasi hata volti 180 kamili hazitalivuta bamba.

Tuje kwenye nyaya mbili nyembamba. Tafuta kwanza herufi kwenye terminali au kwenye mikanda ya nyaya, kwa sababu kiwango cha IEC 60034-8 kimeweka alama zake: TP ni themista za PTC (vihisi ambavyo ukinzani wake hupanda vikipata joto), TB ni swichi ya joto inayofunguka ikipata joto, R ni kihisi cha joto cha platinamu, yaani aina ya Pt, BD ni breki ya DC, na HE ni hita ya kukausha unyevu mota ikiwa imesimama. Hiyo ya mwisho usiidharau. Hita ya wati 50 kwa volti 230 ina karibu ohmu 1060, na Pt1000 kwenye joto la kawaida la chumba inasoma karibu ohmu 1100. Mita peke yake haiwezi kuzitofautisha kwa uhakika, na ukiipa Pt1000 volti 230 umeiua.

Kama hakuna alama, pima mota ikiwa baridi kwa mita ya kawaida. Karibu na sifuri ni swichi ya bimetali. Karibu ohmu 110 inaweza kuwa Pt100, lakini pia inaweza kuwa themista, maana PTC tatu mfululizo zikiwa baridi husoma popote kati ya makumi ya ohmu na 750. Karibu ohmu 600 inaweza kuwa KTY84 (kihisi cha joto cha silikoni), ambayo ina chanya na hasi na haipendi kugeuzwa, au tena themista. Njia ya kumaliza utata ni joto. Pt100 hupanda ohmu 0.385 kwa kila digrii, polepole na kwa mstari. PTC hukaa karibu palepale mpaka inapokaribia joto lake la kukata, kisha inaruka ghafla hadi maelfu ya ohmu. Iendeshe mota mpaka ipate moto wa kawaida, upime tena baada ya kuizima na kuitenga, na utajua. Kwa mota ya ukubwa wako ningetegemea zaidi PTC tatu mfululizo, moja kwenye kila fezi ya koili. Jambo moja la kukumbuka daima: usipige mega (kipimo cha insuleshini chenye volti kubwa) kati ya nyaya mbili za themista. Kiwango cha kupimia ni volti 2.5 tu kwa kila themista. Ukitaka kupima insuleshini yake, ziunganishe ncha zote mbili pamoja na upime dhidi ya koili na dhidi ya ethi.

Kwa nini nakusihi uziunganishe? Kwa sababu umeanza kuendesha mota kwa hezi 15 kwenye mwinuko. Feni ya mota iko kwenye shafti yake. Mwendo ukishuka hadi theluthi moja, hewa inapungua sana, lakini torki ya kupandisha mzigo ni ileile, na mkondo unabaki karibu uleule. Relei ya mkondo mwingi haioni kosa lolote. Draivu ina hesabu yake ya kukadiria joto, na ni nzuri kiasi, lakini haijui kama feni imejaa vumbi au kama breki inasugua. Themista iliyozikwa ndani ya koili inalijua joto lenyewe. Na ikiwa mkanda huo utakaa muda mrefu kwenye mwendo mdogo, fikiria feni ya nje yenye umeme wake, ambayo nayo isilishwe kutoka U, V, W kwa sababu zilezile za breki.

Kuziunganisha kuna hatari moja ambayo haionekani kwa macho. Themista imegusana na koili yenye mapigo ya volti mamia, ikitenganishwa na insuleshini nyembamba. Terminali za amri za draivu ni za volti 24 na mtu anazigusa, tena zimeungana na PLC (kompyuta ya kuendeshea mtambo) na vitufe. Insuleshini ya themista ikitoboka na ukawa umeiunganisha moja kwa moja kwenye terminali za analogi, umeme mkubwa unaingia kwenye sakiti zote za amri. Ndiyo maana draivu nyingi zinataka kadi ya ziada yenye utengano kamili, au relei ya themista ya nje. Soma kitabu cha draivu yako: kikisema terminali ya themista ina utengano ulioimarishwa, au kikitaka themista yenye insuleshini iliyoimarishwa, fuata hivyo neno kwa neno. Ukiwa na shaka weka relei ya nje. Relei hizo kwa kawaida hukata karibu ohmu 3600 na kurudi karibu 1600, na zilizo bora hugundua pia nyaya zikigusana. Kiguso chake kiingie kwenye terminali ya hitilafu ya nje ya draivu, na mota isijiwashe yenyewe ikipoa.

Nyaya za themista na za breki zisilale kwenye bomba moja na kebo ya mota bila shildi. Kuna kebo maalumu zenye jozi mbili za ziada, kila jozi na shildi yake. Kama huna, vuta kebo tofauti kwa umbali wa sentimita 20 au 30, na zikibidi kukutana zivukane kwa pembe ya mraba. Kebo ya mota yenyewe iwe na shildi iliyobanwa kwa mzunguko mzima pande zote mbili, kwenye paneli na kwenye mota. Mkia mrefu wa shildi uliosokotwa haufanyi kazi hiyo kwenye masafa ya juu.

Sasa RCD. Kabla ya kuilaumu, ihakikishe mota. Breki iliyonuka kuungua inaweza kuwa imeharibu insuleshini kwelikweli. Tenga mota na breki kabisa kutoka kwenye draivu, kisha pima insuleshini yake kwa mega. Kamwe usipige mega ikiwa draivu imeungana. Angalia pia kwamba fezi mbili za breki zote zinatoka upande mmoja wa RCD. Moja ikitoka juu yake na nyingine chini yake, itatripu kila breki inapoachia.

Kama mota ni safi, basi ni tabia ya draivu. Filta yake ya kuzuia usumbufu wa umeme ina kapasita zinazokwenda ethi, na kebo ndefu yenye shildi nayo inavujisha kila pigo. Mkondo huo kwa draivu ya fezi tatu huvuka miliampea 3.5, na RCD ya miliampea 30 haitavumilia. Lakini lililo zito zaidi ni aina ya RCD. Draivu ya fezi tatu ikipata hitilafu ya ethi inaweza kuvujisha DC laini, na DC hiyo huijaza sumaku RCD ya aina AC au A mpaka isiweze kutripu hata inapotakiwa. Kwa hiyo RCD uliyonayo, ikiwa ni ya aina hizo, inakusumbua pasipo sababu na inaweza kukuacha siku yenye sababu. Inayofaa hapa ni ya aina B, kwa kawaida ya miliampea 300, pale ambapo kanuni za mtambo wako zinataka RCD kwenye laini hiyo. Kushusha masafa ya mapigo ya draivu kwa kilohezi chache nako hupunguza uvujaji, kwa bei ya mota kupiga kelele zaidi.

Na kwa kuwa uvujaji umevuka miliampea 3.5, IEC 61800-5-1 inataka waya wa ethi wa draivu uwe wa shaba usiopungua milimita mraba 10, au uongezwe waya wa pili wa ethi kwenye terminali yake ya pekee. Waya mmoja mwembamba ukilegea, kasha la draivu linabaki na umeme.

Skrubu ya filta usiing'oe ili kuituliza RCD. Skrubu hiyo imewekwa kwa ajili ya mitandao isiyo na ethi kwenye transfoma, au yenye fezi moja iliyoungwa ethi. Huko ni lazima itolewe, la sivyo kapasita za filta zitaharibika. Kwenye mtandao wenye nyutro iliyoungwa ethi, ukiitoa, usumbufu uliokuwa unarudi kwenye draivu kwa njia fupi utatafuta njia nyingine kupitia vihisi na PLC zako.

Mengine ya umeme wa kuingia nayataja haraka. Laini iingie L1, L2, L3. Ikiingia U, V, W draivu imekufa. Fyuzi ziwe za aina iliyotajwa kwenye kitabu. Kama transfoma ni kubwa na iko karibu, ongeza choki (koili ya kutuliza mkondo) ya asilimia 3 hadi 5 kwenye laini. Usiwashe na kuzima mota kwa kontakta ya kuingilia, kwa sababu kila mara kapasita zinajazwa upya kupitia resista ndogo isiyovumilia mchezo huo. Mota yako ya 400/690 iungwe delta kwenye laini ya 400. Na siku mkifikiria kuteremsha mizigo kwa mkanda huo, draivu itahitaji resista ya kuchomea nishati inayorudi. Swichi ya joto ya resista hiyo ikate kontakta ya kuingilia, kwa maana transista inayoiwasha ikigandana, amri ya kusimama haisaidii, ni kukata laini tu kunakoizima.

Kabla ya kugusa chochote, zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, subiri muda ulioandikwa kwenye draivu, ambao kwa nyingi ni dakika 5 au zaidi, kisha pima terminali za DC mpaka ziwe chini ya volti 50. Bandika pia tangazo kwenye boksi la mota kwamba sasa lina umeme wa pili wa breki unaotoka kwenye laini. Fundi atakayekuja baadaye atazoea kwamba draivu ikisimama boksi halina kitu, na hilo halitakuwa kweli tena.

Majaribio yafanye kwa mpangilio huu. Kwanza breki peke yake, mkanda ukiwa mtupu: amrisha kontakta kwa mkono, usikie mlio wa kuachia, upime volti 180 kwenye koili. Pili, endesha mota tupu kwa hezi 15 na uangalie mkondo. Ukiwa juu kuliko ule wa hezi 50 ikiwa tupu kwa kiasi kikubwa, breki bado inasugua au volti za nyongeza zimezidi. Tatu, chomoa waya mmoja wa themista na uhakikishe draivu inasimama kwa hitilafu na breki inakamata. Mwisho, weka mzigo wa kawaida, watu wote wakiwa mbali na sehemu ya chini ya mkanda, anzisha kwa mwendo mdogo na ubonyeze dharura katikati ya mwinuko. Mzigo ukishuka zaidi ya upana wa kiganja, usipandishe kitu kingine: rudi uangalie kama kweli DC inakatwa, kisha nafasi ya hewa, kisha diski.